Bahati haijui zamu

Kuna neno nimeanza kuliogopa kuliko tusi. Neno lenyewe ni "lazima". Siisemi lazima ya mama anayemtaka mtoto anawe mikono, wala lazima ya mwenye nyumba tarehe ya kodi inapofika. Nasema ile inayotanguliwa na "safari hii". Safari hii lazima! Nimeisikia kijiweni kwa bodaboda, kijana kainamia simu yenye kioo kilichopasuka. Mkeka wake wa kubeti wa juzi ulichanika, wa jana ukachanika, wa leo kauongezea dau kwa kuwa Mungu si Athumani. Nimeisikia kwa jirani yangu mwenye mabinti watano, mkewe akiwa na mimba ya sita: safari hii lazima kidume. Nimeisikia pia kwa mama mmoja niliyekaa naye benchi moja kliniki, na hiyo yake ndiyo iliyoninyima usingizi. Nitaifikia.

Watu hawa watatu hawafahamiani, lakini wanaabudu kitu kimoja: imani kwamba bahati ina zamu. Kwamba mahali fulani kuna daftari, na ndani yake imeandikwa nani kakosa mara ngapi, ili siku ya siku alipwe chake. Mimi nasema daftari hilo halipo, na kuliamini kunazigharimu kaya zetu fedha, ndoa na afya. Dawa yake tunayo shuleni tayari, ila tunaitoa kwa kuchelewa na kwa namna inayomfanya mtoto adhani haimhusu. Wanahisabati huiita elimu ya uwezekano, na inapofuatilia mambo yanayoendelea kutokea siku hadi siku huitwa elimu ya michakato nasibu. Nasibu ni neno letu la miaka mingi. Tulilibandika kwenye tiketi za bahati nasibu tukalisahau huko.

Sarafu ina kichwa, haina kumbukumbu

Wa umri wangu wanaikumbuka shilingi moja ya zamani: upande mmoja kichwa cha Mwalimu Nyerere, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Irushe mara tano. Mwenge, mwenge, mwenge, mwenge, mwenge. Sasa waulize waliokuzunguka, ya sita itakuwaje? Wengi watakuambia kichwa, na watakuambia kwa uhakika wa mtu aliyeona ratiba. Lakini ratiba hiyo imehifadhiwa wapi? Kipande cha chuma hakina ubongo wala aibu, hakijui kwamba kimeanguka mwenge mara tano. Nafasi ya kichwa ni nusu, kama ilivyokuwa asubuhi na kama itakavyokuwa mwakani.

Rudi kwa jirani yangu. Tukichukulia kwamba nafasi ya mtoto wa kike ni nusu kila mimba (duniani wavulana huzaliwa zaidi kidogo, kama 105 kwa kila wasichana 100), nafasi ya kuzaa mabinti watano mfululizo ni moja kati ya 32. Inaonekana ndogo. Lakini chukua nyumba 320 zenye watoto watano watano, na usishangae ukikuta kama kumi zenye mabinti watupu na nyingine kama kumi zenye wavulana watupu. Hakuna aliyeroga wala aliyelaaniwa. Na mimba ya sita? Nusu kwa nusu. Mabinti watano waliotangulia hawajamwekea kaka yao kiti.

Haya si mahesabu ya kujifurahisha. Kuna wanawake wamerudishwa kwao kwa sababu ya "kukosa zamu". Kuna mke wa pili ameolewa kwa hesabu hii hii ya daftari la hewani. Na ajabu ni kwamba katika suala hili mbegu inayoamua jinsia ya mtoto hutoka kwa baba. Kama kweli kungekuwa na wa kudaiwa, wazee wangejua mlango wa kubisha.

Najua nitajibiwa: mbona wahenga wamesema baada ya dhiki faraja? Wamesema, nami naipenda methali hiyo. Imewashika mkono watu wengi kwenye misiba na kwenye njaa. Lakini ilitungwa ili kuutuliza moyo. Aliyeipeleka kwenye kaunta ya kamari ameipeleka nyumba isiyo yake.

Tusidhani huu ni ushamba wetu peke yetu. Italia, nchi ya maprofesa na makanisa makubwa, ilipatwa na wazimu huu miaka ya 2003 hadi 2005. Katika bahati nasibu yao, mji wa Venice huchomolewa namba tano kati ya 90, kwa hiyo kila namba ina nafasi moja kati ya 18 kila mchezo. Namba 53 ikagoma kutoka. Wiki zikapita, miezi ikapita, na kadiri ilivyochelewa ndivyo watu walivyozidi kuiwekea pesa, maana zamu yake ilikuwa imekaribia. Zaidi ya euro bilioni tatu zikamwagwa juu ya namba moja. Akiba za familia zilikwenda, watu wakafilisika, wengine wakajiua. Ilipotoka, Februari 2005, ilitoka kwa nafasi ile ile ya moja kati ya 18 iliyokuwa nayo siku zote. Haikuja kulipa deni la mtu.

Wastani haulipi, unazamisha

Hapa msomaji makini ataninyoshea kidole. Je, si hao hao wanahisabati wanaosema kwamba ukirusha sarafu mara nyingi sana, vichwa na mienge hukaribia nusu kwa nusu? Itakaribiaje kama haisawazishi?

Ni swali zuri. Ukweli huo ulithibitishwa na Jacob Bernoulli wa Basel, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Lakini usomwe vizuri. Tuseme umeanza na mienge mitano mfululizo, kisha ukarusha mara elfu moja zaidi. Katika hizo elfu, tegemea mienge kama 500. Jumla inakuwa 505 kati ya 1,005, yaani asilimia 50 na chembe. Umeona kilichotokea? Ile mitano ya mwanzo haikulipwa na vichwa vitano vya ziada. Ipo pale pale. Imemezwa tu na wingi wa yaliyofuata, kama kijiko cha chumvi kilichomwagwa Ziwa Victoria.

Tena kuna jambo linalowashangaza hata wanafunzi wa chuo. Kadiri unavyoendelea kurusha, tofauti kati ya idadi ya vichwa na ya mienge huelekea kukua. Ukirusha mara 100, kupishana kwa kumi hivi ni jambo la kawaida. Ukirusha mara 10,000, kupishana kwa mia moja ni kawaida vilevile. Asilimia inakaribia nusu huku pengo lenyewe, ukilihesabu moja moja, likipanuka. Sasa mwenye dau hapotezi asilimia. Anapoteza shilingi, moja moja.

Yule mama wa kliniki

Alikuwa na mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao mitaani tunauita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Yeye na mumewe walipimwa, wote wawili wazima lakini kila mmoja amebeba nakala moja ya kinasaba cha ugonjwa huo. Wakaambiwa nafasi ya mtoto kuugua ni moja kati ya nne. Akanieleza kwa utulivu mkubwa, huku akimpepea mwanawe: "Sasa huyu ndiye yule mmoja, kaka yangu. Watatu wanaofuata watakuwa salama, lazima."

Sikujua nianzie wapi. Daktari alisema kweli, mama alisikia vizuri, na bado kilichofika kichwani kilikuwa kitu kingine kabisa. Moja kati ya nne haina maana kwamba watoto wanne wanakaa foleni na ugonjwa unamgusa mmoja kisha unaondoka. Maana yake ni kwamba kila mimba inachezewa kura upya, ndani ya chungu kile kile chenye vikaratasi vinne, na kikaratasi kibaya hurudishwa chunguni kila mara. Kwa wazazi kama hao wakizaa watoto wanne, nafasi kwamba hata mmoja hataugua ni kama 32 katika mia. Nafasi kwamba atakuwa mmoja tu ni kama 42. Na nafasi kwamba wataugua wawili au zaidi ni kama 26, zaidi ya robo.

Mimi simpangii mtu uzazi. Kuna watakaozaa wakijua, na kuna watakaosema basi, na wote wana haki. Ila tofauti ya kuamua ukijua na kuamua ukidhani umeshalipa ni kubwa, na inabebwa na mtoto ambaye hajazaliwa. Dakika tano za ziada na chungu cha vikaratasi juu ya meza ya mshauri zingetosha.

Kodi ya mkeka

Kwa kijana wa bodaboda nitakaa kidogo, maana yuko kila kona.

Chukua mechi ambayo timu zote mbili zina nafasi sawa na sare haihesabiwi. Odi ya haki ingekuwa 2.00: weka elfu moja, ukishinda upewe elfu mbili. Hakuna kampuni itakayokupa hiyo. Itakupa, tuseme, 1.90. Maana yake kila elfu moja inayoingia, kwa wastani inarudi 950. Ile hamsini ndiyo kodi ya pango, mshahara wa dada wa kaunta na matangazo ya redioni. Hakuna wizi hapo, kila mfanyabiashara ana faida yake. Hata muuza vitumbua.

Lakini vijana wetu hawabeti mechi moja. Wanasuka mkeka wa timu kumi, kwa sababu odi zinazidishwa na elfu moja inaota mbawa. Wanachosahau ni kwamba na ile kodi inazidishwa pia. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mara kumi, unabaki na kama 0.60. Elfu moja yako sasa, kwa wastani, inarudi kama mia sita. Kodi imepanda kutoka hamsini hadi mia nne, na mlipaji anashangilia odi ndefu.

Tuseme hata ni mjuzi, anachagua vigogo tu, kila mmoja ana nafasi ya asilimia 70 kushinda. Timu kumi zote kushinda kwa pamoja ni chini ya mara 3 katika mia, mkeka mmoja kati ya 35 hivi. Na je, ule msiba tunaosimuliwa kila Jumatatu, "imebaki timu moja tu, ikanichania"? Hesabu inasema mkeka wa aina hiyo utachanwa na timu moja tu kama mara 12 katika mia. Yaani kukosa kwa timu moja kunatokea zaidi ya mara nne kuliko kushinda. Hakuonyeshi kwamba umekaribia. Ndivyo mikeka inavyochanika. Nami nasema haya nikiwa na wangu wa timu tisa uliochanwa dakika ya 89, miaka kadhaa iliyopita. Nilisimulia mwezi mzima kana kwamba nimeibiwa.

Kuna swali la zamani linalohusu mwisho wa mchezaji, lile la kufilisika. Christiaan Huygens wa Uholanzi aliliweka la mwisho kati ya mazoezi matano ya kitabu chake kidogo cha mwaka 1657. Mtu ana akiba fulani, anacheza mara kwa mara, je, atafika lengo lake kabla mfuko haujakauka? Chukua gurudumu la kasino lenye vishimo 37: 18 vyekundu, 18 vyeusi, na kimoja cha kijani ambacho ni cha nyumba. Nafasi yako kwenye nyekundu ni 18 kati ya 37, karibu kabisa na nusu. Ukiwa na sarafu kumi, ukacheza moja moja ukitaka zifike ishirini, utafanikiwa kama mara 37 katika mia. Si mbaya sana. Sasa ingia na sarafu mia, ucheze moja moja kwa uvumilivu, ukitaka zifike mia mbili. Utafanikiwa chini ya mara moja katika 200.

Soma tena hapo. Kishimo kimoja cha kijani, na uvumilivu, vimegeuza karibu-nusu kuwa karibu-sifuri. Subira ambayo kwingine huvuta heri, hapa huvuta hasara, na ile haba na haba inakijaza kibaba cha mwenye meza. Hata mchezo ungekuwa wa haki kabisa, nusu kwa nusu, anayecheza bila kikomo dhidi ya tajiri asiyeishiwa atafilisika tu, maana yeye ana ukuta nyuma yake na mwenzake hana. Wahenga waliposema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi hawakuwa wameona gurudumu, ila walikuwa wameona watu.

Kinachokumbuka na kisichokumbuka

Nisieleweke vibaya, si kila kitu duniani ni sarafu. Mvua ina kumbukumbu ya aina fulani: wakati wa masika, siku inayofuata siku ya mvua ina nafasi kubwa zaidi ya kunyesha kuliko inayofuata siku kavu. Foleni ya barabarani ina kumbukumbu. Homa ina kumbukumbu. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kusema "lazima" ni hili: je, kinachofuata kinajua kilichopita?

Andrei Markov, Mrusi, alilifanyia kazi swali hilo kwa namna ninayoipenda. Mwaka 1913 huko St. Petersburg alieleza jinsi alivyochukua herufi 20,000 za utenzi wa Pushkin, Eugene Onegin, akahesabu kwa mkono irabu na konsonanti. Irabu zilikuwa kama 43 katika mia. Lakini baada ya irabu, irabu nyingine ilifuata kama mara 13 tu katika mia. Baada ya konsonanti, ilifuata kama mara 66. Herufi inaijua jirani yake. Angepata maandishi ya Kiswahili, ambako karibu kila neno hufunga kwa irabu, sijui angefurahi kiasi gani. Simu inapokukisia neno linalofuata unapoandika ujumbe, inatembea njia iliyofunguliwa na hesabu ya namna ile.

Na elimu yenyewe ya uwezekano ilikua kutokana na mchezo uliokatizwa. Mwaka 1654, Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua Ufaransa kuhusu wachezaji wawili, kila mmoja kaweka sarafu 32, mshindi ni wa kwanza kushinda mara tatu, mchezo ukavunjika ikiwa ni mbili kwa moja. Wagawane vipi zile 64? Umeme ukikatika katikati ya karata, sisi tungepigana. Pascal akasema tutazame mbele. Anayeongoza akishinda mchezo unaofuata anachukua zote. Akishindwa wanakuwa sawa, ana 32. Kwa hiyo 32 ni zake vyovyote vile, na zile 32 nyingine zigawanywe nusu. Apewe 48, mwenzake 16. Hakuuliza nani alitangulia wala nani alijisikia vibaya. Aliuliza tuko wapi sasa, na mbele kuna njia ngapi.

Hata kero ya kituoni inaelezeka hivyo. Daladala zikija kwa kupishana dakika 2, kisha 18, kisha 2, kisha 18, wastani ni dakika 10, na ungetarajia kusubiri 5. Lakini utafika kituoni ndani ya ule mwanya mrefu mara tisa kati ya kumi, na wastani wa kusubiri kwako ni zaidi ya dakika 8. Huna gundu.

Mjomba, sasa kichwa

Kwa miaka mingi hapa kwetu mada hii imekaa kidato cha nne, kwa Kiingereza, na mfano wake ni mfuko wenye mipira myekundu na myeupe. Nani ana mfuko wa mipira nyumbani? Mtoto anafika huko akiwa ameshapita miaka minne mbele ya kibanda cha kubeti, na kibanda kinafundisha kwa Kiswahili, kila siku, bila likizo. Mimi ningeianzia darasa la tano, na dadu ya ludo, na chungu cha vikaratasi, na watoto wenyewe wakihesabu daladala getini. Kwa Kiswahili. Walimu wa hisabati wanaoliweza hili wapo. Wapewe ruhusa na vipindi.

Mwezi uliopita nilimjaribu mpwa wangu, yuko darasa la sita. Nilimwambia kwanza aandike kwa kukisia matokeo ya kurusha sarafu mara mia, bila kuirusha. Akaandika kwa uangalifu, akichanganya vizuri, hakuna mahali alipoweka upande mmoja zaidi ya mara tatu mfululizo. Kisha nikampa sarafu airushe kweli. Nilikuwa najua kwamba katika mirusho mia, kupata angalau sita mfululizo za upande mmoja hutokea kama mara nane katika kumi. Alipofika mrusho wa 40 hivi zikaja: mwenge mara saba. Akaitazama ile sarafu huku na huku kama mtu anayekagua noti bandia.

Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, labda kwa ufupi zaidi. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ameelewa. Akaishika sarafu kidoleni, akanyamaza kidogo.

"Lakini mjomba, sasa kichwa. Lazima."

Nikamwambia arushe. Akarusha, ikazunguka juu ya sakafu, ikalala. Kichwa. Akanitazama kama wakili aliyeshinda kesi.